Timu ya Chuo cha Maine: Watatu Waliocheza kama Mtu Mmoja

Watu wengi wapendao michezo hudhani kuwa timu njema hupatikana kwa kukusanya wachezaji hodari na kuwavika fulana za rangi moja. Lakini kila aliyepata kuchagua timu, iwe ya shule au ya kijiji, ajua kuwa mahodari watatu waweza kushindwa na watu watatu wa kawaida, ikiwa hao wa kawaida wanaelewana na wale mahodari hawaelewani. Leo twapenda kuwaeleza wasomaji habari za timu moja ya wanafunzi huko Marekani, ambayo katika msimu wa 1992-93 ilicheza michezo 45, ikashinda 42, ikatoka sare miwili, na kushindwa mmoja tu. Habari zake zina mafunzo kwa ye yote apaswaye kuwapanga wenzake, awe mwalimu wa timu, msimamizi wa ofisi au mwenye shamba.

CHUO KILICHOANZA NA KILIMO

Jimbo la Maine liko katika pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, nalo limepakana na Kanada. Ni nchi ya misitu, mito na baridi kali. Upande wa kaskazini, katika wilaya ya Aroostook, watu wengi ni wakulima wa viazi, na kwa miaka mingi shule za huko zilikuwa zikifungwa wakati wa mavuno ili watoto wakasaidie shambani.

Chuo Kikuu cha Maine, kilichopo katika mji mdogo wa Orono, kilianzishwa mwaka 1865 kwa kusudi la kuwafundisha vijana kilimo na ufundi. Baadaye kiliongeza masomo mengine mengi. Timu yake ya mpira wa magongo wa barafuni si ya zamani sana, kwani ilianza mwaka 1977, wakati ulipofunguliwa uwanja uitwao Alfond. Jina hilo ni la Bwana Harold Alfond, mwenye kiwanda cha viatu, aliyetoa fedha ili uwanja ujengwe. Ndani yake mna nafasi ya watu wapatao 5,000.

Jimbo la Maine halikuwa na timu yo yote katika ligi kuu za wachezaji wa kulipwa. Kwa sababu hiyo mapenzi yote ya watu yaliwaangukia wanafunzi hawa wa Orono. Wakulima, wakata miti na wafanya kazi wa viwanda vya karatasi waliwafuata kama vile ni watoto wao wenyewe. Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa.

MCHEZO WENYEWE

Mpira wa magongo tunaoufahamu huchezwa juu ya majani na watu 11 kila upande. Huu wa barafuni huchezwa na watu sita tu kila upande: mlinda goli mmoja, walinzi wawili na washambuliaji watatu. Wote huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini, nao huteleza juu ya barafu kwa mwendo wa kasi sana. Hawapigi mpira wa duara, bali kisahani cha mpira mgumu, ambacho upana wake ni inchi tatu na unene inchi moja. Mchezo una vipindi vitatu, na kila kipindi ni dakika 20.

Kwa kuwa mbio zake ni kali mno, mchezaji hawezi kukaa uwanjani zaidi ya dakika moja hivi kabla ya kwenda kupumzika. Basi mwalimu huwapanga washambuliaji wake watatu watatu, na kila kundi la watatu huitwa safu. Kwa kawaida timu huwa na safu nne, na walinzi wawili wawili jozi tatu. Safu moja huingia, ikafanya kazi yake, ikatoka, na nyingine ikaingia mara hiyo hiyo, mara nyingi bila ya mchezo kusimamishwa.

Hapo ndipo msomaji atakapoona kwa nini mapatano ya wachezaji ni jambo kubwa. Mtu haingii uwanjani peke yake, wala hatoki peke yake. Akiwa na kisahani hana nafasi ya kuinua macho na kutafuta mwenzake yuko wapi, kwa maana adui amekwisha kumfikia. Hana budi kujua kabla ya kuangalia. Na kujua huko hakuletwi na nguvu wala mbio, bali huletwa na kucheza pamoja siku nyingi na kuzishika tabia za mwenzako.

Kuna kanuni moja zaidi yafaa ielezwe. Bao likifungwa, mfungaji huandikiwa pointi moja, na wale waliompa pasi, wasiozidi wawili, nao huandikiwa pointi moja moja. Hivyo hesabu ya mchezo huu humheshimu mtoaji sawasawa na mfungaji.

KUWAPANGA WACHEZAJI

Mwalimu wa timu alikuwa Bwana Shawn Walsh, aliyefika Orono mwaka 1984. Chini ya uongozi wake timu ilipanda haraka, lakini kikombe cha taifa kilikuwa hakijapatikana. Mwaka 1992 walikuwa na timu iliyosifiwa kote nchini, na hata hivyo walitolewa kabla ya kufikia nusu fainali. Watu wa Maine walirudi nyumbani na huzuni, na hapo hapo wakaanza kuhesabu siku hadi msimu wa pili.

Katika msimu huo wa pili safu ya kwanza ilikuwa ya vijana watatu ambao hawakuzaliwa mahali pamoja wala hawakulelewa namna moja. Katikati alicheza kapteni, Jim Montgomery, mwenyeji wa Montreal huko Kanada, aliyekuwa katika mwaka wake wa nne na wa mwisho chuoni. Kushoto alicheza Paul Kariya, kijana wa miaka 18 kutoka Vancouver, ng'ambo ya pili kabisa ya Kanada, ambaye baba yake ni wa asili ya Kijapani. Huyu alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kulia alicheza Cal Ingraham wa jimbo la Massachusetts, mtu mfupi wa kimo, ambaye kwanza alikuwa katika chuo cha jeshi la anga kabla ya kuhamia Maine.

Sasa na tutazame hesabu zao za msimu ule. Ingraham alifunga mabao 46 na kutoa pasi za mabao 39. Montgomery alifunga 32 na kutoa pasi 63. Kariya alifunga 25 na kutoa pasi 75, jumla yake pointi 100 kamili. Kwa pamoja watu hawa watatu walifunga mabao 103.

Msomaji aangalie vizuri. Katika hao watatu, aliyefunga mabao machache kuliko wote ni Kariya. Naye ndiye aliyepewa zawadi ya Hobey Baker, ambayo kila mwaka hupewa mchezaji bora wa vyuo vya nchi nzima. Alikuwa mwanafunzi wa kwanza wa mwaka wa kwanza kupata heshima hiyo. Walioichagua zawadi hiyo walitambua kuwa wingi wa mabao ya Ingraham ulitokana na macho ya Kariya na uvumilivu wa Montgomery. Na tukiwaza upande wa pili, pasi 75 za Kariya zisingeandikwa hata moja kama hapangekuwa na mtu wa kuzimaliza. Kila mmoja alikuwa na deni kwa mwenzake, na hakuna aliyeweza kulilipa deni hilo akiwa peke yake.

Mpango kama huo ulionekana hata mahali ambapo mtu mmoja tu huweza kusimama, yaani golini. Maine walikuwa na walinda goli wawili wazuri, Mike Dunham na Garth Snow. Mwalimu mwingine angalimchagua mmoja, na yule wa pili angalikaa kitini msimu mzima akinung'unika. Bwana Walsh aliwagawia kazi. Msimu ulipokwisha, kila mmoja wao alikuwa ameandikiwa ushindi 21.

MZIGO WA MATUMAINI

Ushindi ni mtamu, lakini nao una uzito wake. Timu ikishinda mara tano, washabiki hufurahi. Ikishinda mara ishirini, huzoea. Ikishinda mara thelathini, huanza kuudai ushindi kama mtu adaivyo mshahara wake mwisho wa mwezi. Ndivyo ilivyokuwa huko Orono. Tarehe 19 Februari 1993 timu ya Chuo Kikuu cha Boston ilikuja katika uwanja wa Alfond, ikawafunga wenyeji 7-6 katika dakika za ziada. Hiyo ndiyo mara moja tu waliyoshindwa, tena nyumbani kwao, mbele ya watu wao.

Na kanuni ya mashindano ya taifa haina huruma. Mshindwa mmoja hutoka, hata kama nyuma ameshinda mara arobaini. Katika nusu fainali Maine waliponea chupuchupu, walipoishinda Michigan 4-3 kwa bao la dakika za ziada. Kisha ikaja siku ya fainali, Jumamosi tarehe 3 Aprili 1993, katika mji wa Milwaukee. Wapinzani wao walikuwa Lake Superior State, chuo kilichokuwa kimechukua kikombe mwaka uliotangulia.

Vipindi viwili vilipokwisha, Lake Superior walikuwa mbele 4-2. Zilibaki dakika 20 tu. Michezo yote ya msimu, sifa zote za magazeti, na matumaini ya watu zaidi ya milioni moja wa jimbo la Maine, vilikuwa karibu kuwa bure.

Bwana Walsh alimtoa Dunham golini akamwingiza Snow. Dunham hakuwa mlinda goli mbaya. Lakini kwa kuwa kazi ilikuwa imegawanywa tangu mwanzo, yule wa pili aliingia akiwa tayari, si kama mtu aliyesahauliwa. Ndipo kapteni Montgomery alipofunga bao la tatu, kisha la nne, kisha la tano. Mabao hayo matatu yalipatikana katika muda usiofika dakika tano, na pasi za yote matatu zilitoka kwa Kariya. Mchezo ukaisha 5-4, na kikombe cha taifa kikaenda Maine kwa mara ya kwanza.

BAADA YA SHEREHE

Lau habari zingeishia hapo, zingekuwa tamu tu. Lakini mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Montgomery alimaliza masomo yake. Kariya alicheza michezo michache msimu uliofuata, kisha akaondoka kwenda kuichezea Kanada katika Olimpiki ya 1994, ambako walipata medali ya fedha. Maine, bila ya safu ile, hawakufika hata kwenye mashindano ya taifa mwaka huo. Na mwishoni mwa 1995 Bwana Walsh mwenyewe alisimamishwa kazi mwaka mmoja kwa sababu ya kuvunjwa kwa kanuni za chama kinachosimamia michezo ya vyuo, na timu ikanyimwa ruhusa ya kugombea kikombe.

Alirudi akaanza tena pole pole, na mwaka 1999 Maine walichukua kikombe mara ya pili, kwa kuwafunga jirani zao wa New Hampshire 3-2 katika dakika za ziada. Bwana Walsh alifariki kwa ugonjwa wa saratani ya figo mnamo Septemba 2001. Baada yake timu ilifika fainali mwaka 2002 na 2004, ikashindwa zote mbili kwa tofauti ya bao moja. Kisha ukaja ukame mrefu: tangu 2012 hadi 2024 Maine hawakuonekana katika mashindano ya taifa. Mwaka 2025 walichukua ubingwa wa ligi yao, mara ya kwanza tangu 2004, na furaha ya watu wao ilikuwa kubwa, kwa maana walikuwa wamekwisha kujifunza kuwa ushindi si mshahara.

Montgomery alikuja kuwa mwalimu mashuhuri. Mwaka 2017 aliongoza chuo cha Denver kuchukua kikombe cha taifa, na katika msimu wa 2022-23 timu yake ya wachezaji wa kulipwa, Boston Bruins, ilishinda michezo 65, idadi ambayo ilikuwa haijafikiwa na timu yo yote ya ligi ile. Hata hivyo ilitolewa katika duru ya kwanza ya kugombea kikombe. Hivyo kapteni aliyeuonja utamu wa matumaini yaliyotimia akiwa kijana, aliuonja pia uchungu wake akiwa mtu mzima.

Mafunzo ya habari hizi ni mawili. La kwanza ni la wale wanaopanga watu: usiulize tu nani hodari, bali uliza pia nani akiwa na nani, na anayetoa apewe heshima sawa na anayefunga. La pili ni la sisi tunaokaa pembeni tukishangilia. Timu ya wanafunzi hubadilika kila mwaka kama shamba livunwavyo na kupandwa upya, na hakuna mkulima mwenye busara anayelidai shamba lake mavuno ya mwaka jana. Atalima, atapanda, atapalilia, kisha atangoja aone mwaka huu utaleta nini.