Anajitafuta, na hajapotea

Ndani ya daladala ya Mbagala, kijana aliyesimama karibu na mlango alikuwa akimjibu mtu kwenye simu: "Mchango nitatoa, kaka, ila kwa sasa hapana. Bado najitafuta." Alipokata simu, mzee aliyeketi mbele yake akainua uso. "Kwani umepotea, mwanangu?" Abiria wakacheka, kijana naye akacheka. Lakini mzee alikuwa ameuliza swali la sarufi. Kitenzi tafuta hudai anayetafuta na kinachotafutwa. Ukikipachika ji- viwili hivyo vinakuwa kimoja, na mtu anaanza kuzunguka akimtafuta yuleyule anayezunguka.

Kiswahili hakina uhaba wa vitenzi vya kazi hii, na ukivitazama vizuri utaona kwamba vinatofautiana kwa hali ya kile kinachotafutwa. Sindano iliyoanguka unaitafuta: imetulia mahali, haikimbii wala haijafichwa. Chenye miguu unakisaka. Saka ni neno la porini, la mwindaji na mbwa wake. Mwindaji huyo aliitwa msasi, k ikilainika na kuwa s kama t ya fuata inavyolainika tukisema mfuasi. Kwa hiyo polisi wakitangaza msako, neno lenyewe limeshatuambia kwamba wanaotafutwa wanakimbia. Na anayesema anasaka tonge anatuambia kwamba siku hizi hata tonge lina mbio.

Pekua tumeipata uani kwa kuku. Kuku hupekua takataka kwa kucha zake kwa kuwa anachokitaka kiko chini ya kitu kingine. Hapo ndipo neno lilipopata ukali wake kwa binadamu: aliyepekuliwa anadhaniwa kuwa ameficha kitu. Askari huja na hati ya upekuzi. Ingeitwa hati ya utafutaji, mwenye nyumba angemsaidia kutafuta. Mke aliyeshika simu ya mumewe usiku anaipekua. Mgeni wako akiwa kabatini, "unatafuta nini?" ni msaada, "unapekua nini?" ni shutuma, na hilo la pili likikutoka urafiki umekwenda.

Gizani tunapapasa, mkono ukifanya kazi ya jicho. Na wako wanaozengea: zamani neno hili lilisimama sawasawa na tafuta, hata mtu akasema anazengea mke bila aibu. Sasa anayezengeazengea karibu na nyumba yako unamwitia mjumbe.

Chunguza na tafiti zina historia ya kuvutia kidogo. Anayechunguza kitu anacho mbele ya macho. Anachokosa ni kukielewa. Tafiti, kwa irabu yake ya mwisho, haikai na vitenzi vya Kibantu vinavyoishia na a, bali imesimama upande wa fikiri na safiri. Mwaka 1964 palipoanzishwa Dar es Salaam chuo cha kuishughulikia lugha hii, kiliitwa Chuo cha Uchunguzi wa Lugha ya Kiswahili, na baadaye TUKI, yaani Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981, ilibaki na uchunguzi huohuo katika jina lake. Leo wasomi wamehamia kwenye utafiti, nao uchunguzi umeachiwa zaidi wapelelezi na madaktari.

Turudi kwa tafuta. Kwa miaka mingi neno hili limeruhusiwa kutembea bila yambwa. Ukiambiwa baba yuko kwenye utafutaji, huulizi kimepotea nini. Unajua ni riziki. Ukiongeza ji- pamoja na kiambishi cha kutendea unapata kujitafutia, ambako mtu hutafuta kwa ajili yake mwenyewe, iwe riziki au balaa. Usichanganye na kujitafuta. Anayejitafutia anataka kitu; anayejitafuta anamtaka mtu, na mtu huyo ni yeye. Halafu kuna "unanitafuta", ambayo kwenye simu ni salamu na kijiweni ni mwaliko wa ngumi, na "tutatafutana", ambayo kwa uzoefu wangu huagana nayo watu wasiotarajia kuonana.

Mtaani kujitafuta kuna mwenzake, kujipata. Fulani kajipata: ana kiwanja, ana gari, anachangia harusi bila kukumbushwa. Wapo wanaolilalamikia neno hili kwamba limeshusha nafsi ya mtu mpaka kwenye pochi yake. Mimi silaumu vijana. Tangu zamani mwenye mali tumemwita mtu anayejiweza, na fukara tukamwita asiyejiweza, kana kwamba umaskini ni kushindwa kujinyanyua. Kiambishi ji- kilikuwa kikihesabu fedha kabla kijana wa daladala hajazaliwa. Alichokifanya yeye ni kuongeza safari: kati ya asiyejiweza na anayejiweza ameweka mtu aliye njiani, ambaye awali hakuwa na jina. Hajiiti maskini wala hajisifu kwa asichonacho.

"Nikijipata, mzee," alijibu, "nitakutafuta."

Mzee alikuwa akifungua mdomo konda alipofika akichezesha sarafu kiganjani. Wote wawili wakaanza kupapasa mifuko.