Ziwa, mlima na mazuku

Mji wa Goma umejengwa kando ya ziwa Kivu, upande wa kaskazini, mahali Kongo inapopakana na Rwanda. Zamani Goma ilikuwa kituo kidogo tu. Leo ni mji wenye watu wengi sana. Mgeni akifika, kitu cha kwanza anachokiona ni mawe meusi. Njia ni nyeusi, kuta za viwanja ni nyeusi, vumbi lenyewe ni jeusi. Mawe hayo zamani yalikuwa moto. Yalitoka tumboni mwa mlima, yakatiririka kama uji, kisha yakapoa na kuwa magumu. Watu wa Goma huyavunja kwa nyundo na kuyajengea nyumba.

Mawe hayo yana matundu mengi. Mvua ikinyesha, maji hayakai juu, yanazama mara. Ndiyo sababu mvua ni nyingi, lakini mjini hakuna mito, na watu wengi huteka maji ziwani. Asubuhi mapema watoto hushuka na mabidoni yao ya manjano. Wengine husukuma chukudu, kile kigari cha mti chenye magurudumu mawili, ambacho hubeba makala, viazi, mbao na mizigo mingine ambayo kichwa cha mtu hakiwezi.

Ziwa Kivu liko juu sana, yapata metri 1460 kupita usawa wa bahari. Tena ni la kina kirefu: ukishusha kamba ya metri 400 mahali pa kina zaidi, haitafika chini. Zamani za kale maji ya nchi hii yalikwenda kaskazini. Milima ya moto ya Virunga ilipoinuka, ikaifunga njia yao kama mtu anayeziba mfereji kwa udongo. Maji yakajaa, yakapanda, yakatafuta njia nyingine, nayo yakaipata kusini. Njia hiyo ndiyo mto Ruzizi, unaotoka Bukavu na kushuka mpaka ziwa Tanganyika.

Mamba hawamo katika ziwa Kivu, na aina za samaki ni chache. Hata sambaza, wale samaki wadogo wanaouzwa sokoni kwa mafungu, si wa ziwa hili. Waliletwa kutoka Tanganyika kuelekea mwaka 1960, na huko kwao huitwa ndagala. Wavuvi huwatafuta usiku. Wanafunga mitumbwi mitatu pamoja kwa miti mirefu, wanawasha taa, na samaki wanaifuata nuru mpaka juu ya wavu.

Lakini chini kabisa, mahali taa haziwezi kufika, ziwa lina kitu kingine: gazi. Fungueni chupa ya limonadi: mapovu yanapanda mbio. Kabla ya kufungua hamkuyaona, kwa sababu gazi ilikuwa imefungwa ndani ya maji. Ziwa Kivu ni kama chupa hiyo, na kizibo chake ni uzito wa maji ya juu. Sehemu ya gazi hiyo huwaka moto. Inaitwa metani, na tangu mwaka 2016 huko Karongi, upande wa Rwanda, inavutwa kwa bomba ili kufanya umeme. Sehemu iliyo kubwa zaidi haiwaki. Ni gazi kaboniki, ile ile inayofanya mapovu ya limonadi. Katika Kamerun, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, gazi hiyo ilitoka kwa ghafula katika ziwa dogo la Nyos, ikashuka mabondeni, ikaua watu zaidi ya 1700 na ng'ombe wengi. Ndiyo maana wataalamu hulipima ziwa Kivu mara kwa mara.

Gazi hiyo inatoka wapi? Nyingi inatoka ndani ya ardhi, kule kule unakotoka moto wa milima. Mlima ulio karibu sana na Goma ni Nyiragongo. Urefu wake ni metri 3470. Juu kuna shimo kubwa la mviringo, lenye upana wa zaidi ya kilometri moja, na kwa miaka mingi chini ya shimo hilo kulikuwa na ziwa la moto lililochemka mchana na usiku. Watu wa mjini, wakitazama juu usiku, waliona wingu jekundu.

Mwaka 1948 mtaalamu mmoja, Haroun Tazieff, alianza kuchunguza shimo hilo. Baada yake walikuja wengi. Njia ya kupanda huanzia Kibati, juu ya barabara ya kwenda Rutshuru. Kwanza ni msitu, halafu ni mawe makavu yanayokata viatu, halafu ni baridi na upepo. Kwa miaka mingi wageni walipanda huko pamoja na walinzi wenye bunduki na wapagazi, wakitembea saa tano hivi, wakalala katika vibanda vidogo kwenye ukingo wa shimo. Mlima ulipotapika tena, na vita ilipoenea katika nchi ile, safari hizo zilikatika.

Moto wa Nyiragongo ni mwepesi kuliko wa milima mingine. Hukimbia kama maji. Tarehe 10 Januari 1977 mbavu za mlima zilipasuka, na kabla ya saa moja kwisha, ziwa lote la moto lilikuwa limemwagika. Watu wa vijiji vya chini hawakupata nafasi ya kukimbia. Tarehe 17 Januari 2002 moto ulipita katikati ya Goma, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaingia ziwani. Watu mamia ya maelfu walikimbilia Gisenyi na Sake. Waliporudi, walijenga juu ya mawe yale yale yaliyokuwa bado na joto. Wapi kwingine wangekwenda? Viwanja vyao vilikuwa chini yake. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, moto ulishuka tena. Safari hii ulisimama karibu na uwanja wa ndege, baada ya kuteketeza nyumba nyingi za pande za Buhene.

Nyiragongo umo ndani ya parki ya Virunga. Parki hiyo ilianzishwa tarehe 21 Aprili 1925, nayo ikapewa jina la mfalme Albert wa Ubelgiji. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwalinda gorila wa milimani. Siku hizi inaanzia karibu na Goma, inapita ziwa Edward, mpaka theluji ya Ruwenzori. Kuilinda si kazi nyepesi: walinzi zaidi ya 200 wamekufa kazini. Na mama anayenunua gunia la makala mjini Goma, pengine bila kujua, amenunua miti ya parki.

Sasa turudi chini, kando ya ziwa. Ukishika barabara ya Sake, upande wa magharibi wa mji, utafika kwenye ziwa dogo la mviringo ambalo watu huliita Lac Vert, maana yake ziwa la kijani. Hilo lilikuwa shimo la mlima mdogo wa moto, ambao sasa umezimika. Rangi ya kijani inaletwa na majani madogo sana ya majini, madogo hata jicho haliyaoni moja moja. Mahali penyewe ni pazuri: ziwa kubwa la buluu upande huu, dogo la kijani upande huu, na ukuta wa mlima katikati.

Katika nchi hiyo hiyo, kuanzia Lac Vert na Bulengo mpaka ghuba ya Kabuno, kuna mabonde madogo na mashimo kati ya mawe meusi. Mengine yana majani mazuri na kivuli. Asubuhi moja mchungaji anakuta mbuzi wake amelala humo, hana jeraha, hana alama ya meno. Karibu naye kuna ndege aliyekufa, pengine na mbwa. Wenyeji wanasema: ni mazuku.

Watu wengi walidhani mazuku ni pepo mbaya au uchawi wa jirani, na kwa ajili hiyo wengine walisingiziwa bure. Kumbe ni gazi kaboniki. Inapanda polepole katika nyufa za ardhi. Haina rangi wala harufu, mtu haioni. Ni nzito kuliko hewa, mara moja na nusu; basi haipandi juu kama moshi, bali inakaa chini, kama maji katika beseni. Bonde likiwa halina upepo, linajaa. Usiku na alfajiri, hewa inapotulia, ndipo linapojaa zaidi. Jua likipanda na upepo ukivuma, gazi hupungua; lakini yako mabonde ambayo hata mchana hayaishi hatari.

Anayeingia ndani ya gazi nyingi huanza kuhema. Kichwa kinauma, miguu inalegea, na baada ya pumzi chache tu anaanguka. Akianguka amekwisha zama, kwa maana gazi iko chini.

Hapo watoto wafikiri sana. Pengine gazi inafika kiunoni mwa mtu mzima. Baba anapita amesimama, kichwa chake kiko juu, anapumua vizuri, hasikii kitu. Mtoto anayemfuata amezama mzima, kama aliyeingia mtoni. Mbwa wao amekwisha anguka. Baba akiinama kumwinua mtoto, yeye pia anavuta gazi ile ile, na mara nyingi wanaokutwa asubuhi ni wawili. Kwa hiyo anayemwona mwenziwe ameanguka bondeni hashuki peke yake. Anapiga kelele, anaita watu, na wanamvuta kwa kamba au kwa mti mrefu, wao wamesimama juu.

Taa ya mafuta ikishushwa mahali penye gazi nyingi, huzimika. Lakini taa ikiwaka, mtu asiseme kwamba mahali ni pema; gazi inaweza kumdhuru mtu kabla haijazima taa.

Wenyeji hawalazi mtoto chini mahali hapo, hawachoti maji alfajiri kwa kupitia mabondeni, na njia zao za miguu hupita juu ya vilima ijapokuwa ni ndefu. Wageni ndio hawajui. Mwaka 1994, na katika vita vilivyofuata, wakimbizi wengi walipiga kambi pande za Mugunga. Mahali penye kivuli, pasipo upepo, palionekana kuwa pazuri pa kulala. Mahali pengine wataalamu wamesimamisha vibao vyenye picha ya fuvu la kichwa. Si kila bonde lina kibao. Mtu asiyeijua nchi huuliza kwanza wachungaji, kwa sababu wao hawasahau mbuzi wao walifia wapi.