Pikoboli Kuruwitu: Anza na wavu mkuukuu na chokaa

Ikifika saa kumi na moja jioni, jua limepoa na shughuli za siku zimeisha, wewe huwa wapi? Toa jibu la ukweli, si lile unalompa mama. Kama wewe ni mvulana na unajua kupiga chenga, pengine uko uwanjani unasubiri kuingizwa. Kama wewe ni msichana, pengine umekaa pembeni ukiwatazama hao wavulana, ama uko nyumbani na simu. Na kama soka haikukubali, uko maskani. Maskani sote tunaijua: stori zikiisha, kinachofuata si kizuri kila mara.

Mwezi Mei 2024, kaunti za Mombasa na Kilifi zilitangaza kupiga marufuku muguka, zikisema unawamaliza vijana wa Pwani. Mahakama ikasimamisha marufuku hiyo, wakulima wa Embu wakalalamika, wanasiasa wakarushiana maneno. Zogo lilipopoa, swali moja lilibaki palepale: haya, kijana ameacha kutafuna. Jioni hiyo afanye nini?

Leo tuangalie jibu moja dogo. Linaitwa pikoboli. Ukitaka kutafuta video zake, Wamarekani huandika pickleball. Ni mchezo uliochota kidogo kwa tenisi, kidogo kwa badmintoni na kidogo kwa tenisi ya meza. Watu wawili huku, wawili kule, wavu katikati, kila mmoja na kibao mkononi, na mpira mwepesi wa plastiki wenye matundu. Dakika kumi zinatosha kuuelewa. Si eti utamaliza matatizo ya Pwani nzima, la. Lakini utakupa mahali pa kuwa jioni, pamoja na watu.

Na mfano wetu uwe Kuruwitu, kule Kilifi, upande wa Vipingo ukitoka Mtwapa kwenda Kilifi mjini. Kwa nini Kuruwitu? Sababu ni mbili. Kwanza, ni kijiji cha wavuvi, na mchezo huu unataka wavu. Pili, watu wa huko wamewahi kuchora mstari, wakakubaliana usivukwe, na ukaheshimiwa. Tutafika hapo.

Mchezo uliozaliwa kwa kukosa la kufanya

Mwaka 1965, kwenye kisiwa cha Bainbridge karibu na Seattle, Marekani, mwanasiasa Joel Pritchard na rafiki yake Bill Bell walirudi nyumbani kutoka kucheza gofu. Wakakuta familia zao zimekaa tu, hazina la kufanya. Nyuma ya nyumba kulikuwa na uwanja wa zamani wa badmintoni, lakini vifaa kamili havikupatikana. Basi wakachukua vibao vya tenisi ya meza na mpira wa plastiki wenye matundu, wakaanza kupiga.

Wavu ulikuwa juu kama wa badmintoni. Walipoona mpira unadunda vizuri chini, wakaushusha mpaka usawa wa kiuno. Rafiki yao wa tatu, Barney McCallum, akakata vibao vikubwa zaidi kwa plaiwudi. Sheria wakazitunga wakiendelea kucheza, na lengo likawa moja: wakubwa na watoto wacheze pamoja.

Soma tena hadithi hiyo, halafu tazama ramani ya Vipingo. Jirani ya Kuruwitu kuna Vipingo Ridge, uwanja wa gofu ambako mwaka 2019 wanawake wa kulipwa kutoka ziara ya Ulaya walishindania Magical Kenya Ladies Open, na Mjerumani Esther Henseleit akabeba kombe. Gofu ni tamu, hakuna ubishi. Lakini mashimo 18 huwezi kuyachora nyuma ya nyumba yenu. Pikoboli unaweza.

Unahitaji nini?

Hebu tuhesabu. Uwanja una urefu wa mita 13.4 na upana wa mita 6.1. Ni sawasawa na uwanja wa badmintoni wa watu wanne, na ni kama thuluthi moja tu ya ule wa tenisi. Wavu una sentimita 91 pembeni na 86 katikati. Pande zote mbili za wavu, pima mita 2.13 na uchore mstari mwingine. Kutoka mstari huo hadi nyuma, gawa uwanja mara mbili, kulia na kushoto. Basi, umemaliza.

Sakafu lazima iwe ngumu. Mchanga wa ufuoni ni mzuri kwa voliboli, lakini hapa mpira utazama na usirudi. Tafuta saruji: uwanja wa shule, ukumbi wa kanisa, ua wa ofisi, hata maegesho ya kabro yanayobaki matupu jioni. Mistari chora kwa chokaa au chaki, ikifutika mtachora tena. Wavu ni ule mkuukuu uliostaafu kutoka baharini, ufungwe kwenye nguzo mbili zilizosimamishwa ndani ya debe la saruji. Uliza mzee yeyote mvuvi kwa adabu, hutakosa.

Kibao mpelekee fundi seremala. Sheria ya kimataifa inasema urefu na upana ukijumlishwa, pamoja na mpini, visizidi sentimita 61, na urefu peke yake usizidi 43. Mwambie akate plaiwudi ya sentimita 40 kwa 20, alainishe kingo kwa msasa, na mpini auzungushie mpira wa tyubu ya baiskeli. Hicho si kibao cha ubingwa, lakini mcheza wa kwanza naye alianza na plaiwudi.

Kitu ambacho hutakiunda nyumbani ni mpira. Huo mchangie. Ukiagiza, omba mpira wa kuchezea nje: ni mgumu kidogo na una matundu madogo mengi, kwa kawaida 40. Ule wa ndani una 26 makubwa, na upepo wetu utauchezea kuliko ninyi. Kwa sababu hiyo pia, elekeza uwanja kaskazini hadi kusini, ili jua linalozama lisimpige mtu machoni. Iwe ni msimu wa kaskazi au wa kusi, upande mmoja utakuwa na upepo mgongoni, kwa hiyo kubalianeni kubadilishana pande timu moja ikifika pointi sita.

Na viatu. Ndala acha nyumbani, kifundo cha mguu hakina spea.

Sheria kwa ufupi

Mpira unaanzishwa kutoka nyuma ya mstari wa mwisho, mkono ukitoka chini kwenda juu, kibao kikiupiga chini ya kiuno. Unaupeleka mshazari, uvuke wavu na ule mstari wa mita 2.13. Hapo ndipo mchezo huu unampenda anayeanza: hakuna mkwaju wa kuanzisha unaokuja kama risasi.

Kisha kuna sheria ya kudunda mara mbili. Anayepokea lazima auache mpira udunde kwanza. Ukirudi, walioanzisha nao lazima wauache udunde. Baada ya hapo, mtu anaweza kuupiga ukiwa bado hewani.

Pointi anapata upande unaoanzisha tu. Wenzio wakikosea wakati wao ndio walioanzisha, ninyi hampati pointi, mnakaribia tu zamu ya kuanzisha. Katika mchezo wa watu wanne, wenza wote wawili huanzisha kabla ya zamu kwenda upande wa pili, isipokuwa mwanzoni kabisa mwa mchezo, ambapo anaanzisha mmoja tu. Wa kwanza kufika 11 anashinda, mradi awe mbele kwa mbili. Mkiwa 10 kwa 10, kazi bado ipo.

Usipigie jikoni

Sasa ule mstari wa mita 2.13. Eneo lililo kati yake na wavu, wachezaji duniani huliita jikoni. Sheria yake: ukiwa umesimama jikoni, hata kidole cha mguu kikigusa mstari tu, hauruhusiwi kuupiga mpira ulio hewani. Ukidunda humo, ingia uupige, kisha utoke. Na ukiupiga hewani ukiwa nje halafu kasi ikakusukuma ndani, umekosea vilevile.

Unaweza kuona ni sheria ndogo. Iondoe uone. Yule jamaa mrefu mwenye mabega atasimama juu ya wavu, atwange kila mpira chini, na mchezo uishe kabla haujaanza. Mstari huo unamrudisha nyuma. Unamlazimisha atumie akili, apige taratibu, audondoshe mpira jikoni kwa mwenzake na asubiri. Ndiyo sababu msichana wa miaka 15 anaweza kumsumbua kaka yake wa miaka 25, na shangazi wa miaka 55 akawasumbua wote wawili.

Watu wa Kuruwitu hawahitaji kufundishwa mantiki hii. Samaki walikuwa wanapungua: uvuvi uliozidi, nyavu zisizofaa, matumbawe kupauka kwa joto la bahari la 1998. Mwaka 2003 wakaunda chama chao cha uhifadhi na ustawi, na mwaka 2005 wakatenga kipande cha bahari cha takriban hekta 30, zaidi ya ekari 70, ambamo hakuna anayevua. Eneo kama hilo huitwa tengefu, na lao lilikuwa la kwanza la aina yake Kenya kwenye miamba ya matumbawe chini ya usimamizi wa jamii.

Fikiria ugumu wake. Mvuvi ana njaa leo, samaki wako pale mbele yake, na mstari wenyewe hauna ukuta. Kilichopo ni makubaliano. Lakini samaki walirudi, wageni wakaanza kuja kupiga mbizi kuwatazama, na samaki wanaotoka tengefu wakawa riziki ya walio nje yake. Mwenye nguvu alikubali kusimama nyuma ya mstari, na kila mtu akabakiwa na kitu.

Silinganishi riziki na mchezo. Nasema tu kwamba kijiji kilichoweza kuheshimu mstari wa baharini hakitashindwa na wa chokaa.

Foleni ya vibao

Kitu kinachofanya pikoboli iwe ya jamii ni jinsi watu wanavyopangana. Kwenye viwanja vya wazi, ukifika unaweka kibao chako mwisho wa foleni, kando ya uwanja au kwenye uzio. Mchezo ukiisha, wanne wanatoka na vibao vinne vya mbele vinaingia. Hakuna nahodha wa kuchagua timu, hakuna kuambiwa "wewe tulia kwanza." Leo unacheza na mwalimu, kesho na dereva wa boda, keshokutwa na mtoto wa jirani ambaye hata jina lake hukulijua.

Ukimjua mcheza bao wa barazani, utaratibu huu utauelewa upesi: aliyefungwa anainuka, aliyekaa akisubiri anaketi. Tofauti ni kwamba hapa hata washindi wanainuka, ili wasikae siku nzima.

Kwa wasichana, hili si jambo dogo. Uwanja wa soka wa mtaa mara nyingi una wenyewe, na kuomba nafasi ni kujitakia maneno. Foleni ya vibao haiulizi. Mchezo pia hauna sare: dera, suruali, hijabu, chochote unachoweza kukimbilia hatua tatu bila kujikwaa. Na kwa kuwa uwanja ni mdogo na uko wazi mbele ya watu, mzazi anayeogopa kukuruhusu anaweza kuletwa aone mwenyewe. Mpe kibao pia.

Jumamosi hii

Usisubiri kaunti ikujengee. Tafuta wenzako watatu, mmoja wao awe hajawahi kuitwa kwenye timu yoyote. Nendeni pamoja kwa mwalimu mkuu, mchungaji au mzee wa kijiji mwenye sakafu ya saruji, msalimuni vizuri, mwombeni saa moja na nusu tu, kuanzia saa kumi na moja hadi giza linapoingia. Muahidini mambo matatu na myatimize: mistari itafutwa, takataka zitaokotwa, kelele zitaisha jua likizama.

Mchangie mipira miwili, manake mmoja utapasuka. Tengenezeni vibao sita, si vinne, ili anayepita njiani akisimama kutazama asipate kisingizio.

Halafu pimeni. Mita 13.4 kwa 6.1. Jikoni mita 2.13. Mkishaweka chokaa, muiteni yule aliyekaa maskani.