Kufuta Diski ya Kompyuta Kuukuu

Shule iuzayo kompyuta kuukuu yaweza kuuza pia, bila kujua, siri za wanafunzi wake. Faili linapofutwa, kinachoondolewa ni jina lake katika orodha tu, mfano wa kitabu kilichokatwa katika fahirisi ya maktaba lakini kingali rafuni. Alama za sumaku husalia mpaka ziandikwe nyingine juu yake.

Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wa chuo cha MIT nchini Marekani, walieleza walivyochunguza diski 158 zilizokwisha kutumika. Kati ya 129 zilizofanya kazi, 12 tu zilikuwa zimesafishwa barabara. Nyingine zilikuwa na namba za kadi za benki, hata habari za wagonjwa.

Dawa ni kuandika sifuri juu ya diski nzima. Mwaka 1996 Peter Gutmann alitaja kurudia mara 35, na wengine wangali wakiishika idadi hiyo kama tambiko; kwa diski za sumaku za siku hizi mara moja yatosha. Diski zinazotunza chaji za umeme badala ya sumaku zina tabia nyingine: maandishi mapya hupelekwa penginepo, ya kale yakabaki. Hizo zahitaji amri maalumu ya kufuta iliyotiwa na mtengenezaji. Diski mbovu isiyoandikika huvunjwavunjwa.