Istilahi za Mtambo wa Kuitikia na Kuelekeza Simu

Neno simu, ambalo asili yake ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya, limebebeshwa mzigo mzito. Humaanisha chombo, na pia humaanisha mazungumzo yapitayo katika chombo hicho. Barazani hapana udhia. Lakini katika maelezo ya mtambo wa ofisi ndogo, agizo kama "simu ipelekwe kwa mhasibu" laweza kumfanya tarishi abebe chombo chenyewe. Kwa hiyo twapendekeza simu ibaki kuwa chombo, na kinachopita kiitwe mwito, wingi wake miito.

Zamani miito yote iliunganishwa na mtu aliyeketi mbele ya swichibodi. Mwaka 1891 Almon Strowger, Mmarekani aliyekuwa akifanya biashara ya mazishi, alipewa hataza ya mtambo wa kuunganisha miito bila mtu. Mwaka 1963 simu za vibonyezo zilianza kutumika nchini humo. Kila kibonyezo hutoa toni mbili kwa pamoja, na mtambo huzitambua; ndiyo sababu mpigaji aweza kuujibu mtambo kwa kidole hata baada ya kuunganishwa.

Mtambo wa aina hii una kazi nne, ambazo aghalabu hufasiriwa zote kuwa "kuhamisha simu". Mwenye duka akisoma hivyo katika mkataba, aweza kulipia asichokihitaji. Hatuna budi kuzipambanua:

(a) Kuitikia. Mtambo hufungua mwito, humsalimu mpigaji na kumsomea machaguo. Tusiuite kipokezi, kwani neno hilo lina kazi yake katika redio. Wala mpokezi, maana huyo ni mtu. Mtambo wa kuitikia watosha.

(b) Kuelekeza. Mtambo huamua mwito uende wapi kwa kufuata kibonyezo kilichobonyezwa, saa ya siku au namba ya mpigaji. Mathalani, baada ya saa za kazi mwito huelekezwa kwenye hifadhi ya ujumbe wa sauti.

(c) Kugawa. Ikiwa wapokeaji ni wengi, simu zao zaweza kulia kwa pamoja, kwa mfuatano au kwa zamu. Mpigaji asiyepata mtu huwekwa katika foleni.

(d) Kuhamisha. Hii ni kazi ya mtu aliyekwisha kuupokea mwito, naye huupeleka kwa mwenzake. Akizungumza kwanza na mwenzake, ni kuhamisha kwa taarifa. Asipozungumza, ni kuhamisha bila taarifa.

Ama kuhusu maneno yanayorekodiwa, mfasiri akumbuke kwamba msikilizaji hana karatasi mbele yake. Huduma itangulie, namba ifuate: "Kwa mauzo, bonyeza 1." Namba ikitangulia, atakuwa ameisahau kabla ya kujua ni ya nini. Kadhalika, watumiaji wamekwisha kuvipa vibonyezo viwili vya pembeni majina ya nyota na alama ya reli. Majina hayo yanaeleweka. Hapana haja ya kubuni mengine.

Istilahi hizi si ngumu, bali zadai uangalifu. Mtambo haukisii: hutenda ulivyoagizwa. Maelezo yakichanganya kuelekeza na kuhamisha, fundi atatega kisichokusudiwa, na mteja atabaki kusikiliza muziki bila kupata mtu.