Usafi wa kisasa na antibiotiki: Vinatujenga au vinatubomoa?

DOHA, Qatar – Waafrika Mashariki wanaoishi katika mji huu wakikutana siku ya Ijumaa, baada ya sala na chakula, hawakosi la kubishania. Moja ya mada zinazorudi mara kwa mara ni afya ya watoto wanaokulia ughaibuni. Utamsikia mzee akisema: “Sisi tulicheza matopeni, tukala maembe bila kuyaosha, mbona hatukuwa na pumu wala aleji?” Naye mwenzake atamuuliza ni wangapi kati ya waliocheza nao matopeni ambao hawakufikia umri wa kuanza shule.

Wote wawili wana hoja. Lakini ndani ya ubishi huo mambo mawili tofauti hutiwa katika kapu moja: usafi na dawa za antibiotiki, ambazo kwa Kiswahili sanifu huitwa viuavijasumu. Ukivitenganisha, jibu linakuwa rahisi kuliko linavyoonekana.

Matope na “marafiki wa zamani”

Mwaka 1989, mtaalamu wa Uingereza, David Strachan, aliandika katika jarida la British Medical Journal kuhusu watoto zaidi ya 17,000 wa nchi hiyo waliozaliwa mwaka 1958. Aliona kwamba mtoto mwenye ndugu wengi, hasa wakubwa wake, hakuwa akisumbuliwa sana na mafua ya aleji. Akakisia kuwa huenda maambukizi ya utotoni, yanayoletwa nyumbani na kaka na dada, huufundisha mwili kujilinda. Hapo ndipo ilipozaliwa ile inayoitwa nadharia ya usafi.

Wengi waliichukua nadharia hiyo kana kwamba imehalalisha uchafu. Ndiyo maana mwaka 2003 Graham Rook, profesa wa London, aliiweka upya. Alisema kinachokosekana katika maisha ya kisasa ni “marafiki wa zamani”, yaani vijidudu visivyo na madhara vya udongoni, vya mifugo na vya tumboni, ambavyo binadamu ameishi navyo tangu enzi na enzi. Kipindupindu, surua na taifodi hazimo katika orodha ya marafiki hao.

Kwa hiyo mtoto anyonye maziwa ya mama, acheze nje, amshike mbuzi. Akitoka chooni, na kabla ya kula, anawe mikono kwa sabuni. Mambo hayo hayagombani.

Sabuni ya kawaida yatosha

Aidha, usafi unaookoa maisha hauhitaji gharama kubwa. Utafiti uliofanyika katika mitaa duni ya Karachi, Pakistan, na kuchapishwa mwaka 2005 katika jarida la The Lancet, ulionyesha kwamba kaya zilizopewa sabuni na kuhimizwa kunawa zilipunguza nimonia kwa watoto wa chini ya miaka mitano kwa asilimia 50, na kuharisha kwa watoto wa chini ya miaka 15 kwa asilimia 53. Sabuni ya kawaida ilifanya kazi sawa na ile iliyotiwa dawa ya kuua vijidudu.

Mwaka 2016, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19 vya sabuni za aina hiyo ya pili, ikiwemo triklosani, kwa sababu watengenezaji walishindwa kuthibitisha kuwa ni bora kuliko sabuni ya kawaida na maji.

Tatizo basi ni maji yenyewe. Qatar haina mto hata mmoja, na karibu maji yote ya majumbani hapa yanatoka baharini yakiwa yameondolewa chumvi. Hata hivyo, ukifungua bomba, maji yanatoka. Dar es Salaam ina mto Ruvu, lakini mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilizuka katika jiji hilo na kusambaa nchini, na kufikia mwaka uliofuata wagonjwa walikuwa wamezidi 20,000. Hakuna aliyeugua kwa sababu ya kuwa msafi kupita kiasi.

Dawa inapochukua nafasi ya bomba

Pale maji yanapokosekana, dawa ndiyo inayokimbiliwa. Mtu anaharisha, ana mafua au kikohozi, anakwenda duka la dawa na kuomba vidonge viwili vitatu vya rangi mbili kulingana na pesa aliyonayo mfukoni. Mafua huletwa na virusi, na antibiotiki haziui virusi. Lakini bakteria waliomo mwilini wanaionja dawa hiyo. Walio dhaifu wanakufa, walio sugu wanabaki na kuzaana.

Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, aliliona hilo mapema. Katika hotuba yake ya kupokea Tuzo ya Nobel mwaka 1945 alionya kwamba ingefika siku ambapo mtu yeyote angeweza kununua penisilini dukani, na asiyejua angejitibu kwa kipimo kidogo na kuvifanya vijidudu kuwa sugu.

Siku hiyo ilishafika kwetu zamani. Kati ya mwaka 2001 na 2002, watafiti katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili walifuatilia zaidi ya watoto 1,800 waliolazwa wakiwa na dalili za maambukizi makali. Miongoni mwa waliokutwa na bakteria wa kundi la Gramu hasi katika damu, asilimia 43.5 walifariki. Kwa waliokuwa na malaria, waliofariki walikuwa asilimia 20.2. Watafiti walieleza kuwa kupewa dawa ambayo bakteria walishaizoea kuliongeza hatari ya mtoto kufa.

Kidunia, makadirio yaliyochapishwa mwaka 2022 yanaonyesha kuwa usugu huo uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 mwaka 2019, na kiwango kikubwa zaidi cha vifo kilikuwa Afrika kusini mwa Sahara.

Kukosa nako kunaua

Hata hivyo, ingekuwa dhuluma kumwambia mama wa kijijini kwamba antibiotiki ni sumu. Mtoto mwenye nimonia ya bakteria asipoipata kwa wakati anaweza kufa. Ni hapa hapa Doha, Novemba 2001, mawaziri wa Shirika la Biashara Duniani walipotoa azimio kwamba sheria za hataza zisizizuie nchi kulinda afya za watu wake na kuwapatia dawa. Tanzania nayo mwaka 2003 ilianzisha Maduka ya Dawa Muhimu, yakianzia mkoani Ruvuma, ili dawa bora na muuzaji aliyefunzwa wawe karibu na wananchi. Hatua hizo zilikuwa sahihi. Kilichochelewa ni bomba la maji na maabara ya kupimia.

Sisi tulio mbali na nyumbani tunahusika pia. Hapa Qatar antibiotiki ni dawa ya cheti cha daktari, na ndiyo maana wapo wenzetu wanaorudi kutoka likizo na kapsuli katika begi, wakagawiana chumbani kwa kila anayekohoa. Wapo pia wanaotuma pesa nyumbani kwa ujumbe mfupi: “nunueni dawa.” Pesa hiyo hiyo ingeweza kulipia kipimo kwanza, kisha dawa kwa kipimo na siku alizoandika daktari. Na wanaochangishana kila mwezi wanaweza kununua tangi la maji kwa zahanati au shule ya kijijini kwao.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa antibiotiki, kinga ndiyo inayoifanya tiba ibaki tiba: kila ugonjwa uliozuiwa kwa maji na sabuni ni dozi moja iliyowekwa akiba kwa ajili ya mtoto atakayeihitaji kweli.