Sindano inaingia, akili iko pengine
Ndugu wasomi, wengi wetu hatukatai kutoa damu, tunaogopa tu sindano. Na kule hospitali mtoto wa malaria kali anaingojea.

Mimi nikitoa, siangalie mkono. Akili ikipewa kazi ya nguvu, maumivu inabakiwa na nafasi kidogo. Basi nahesabu kutoka 100 nikiondoa 7: 93, 86, 79... (watu wa hesabu, ninyi ondoeni 13!). Ao kohoa kidogo pale sindano inaingia, lakini umwambie muuguzi kwanza, asishtuke. Kisha piga naye habari za mpira. Mfuko wa mililita 450 unajaa kwa dakika kama 10 hivi.

Mbele ya kutoa, kunywa maji nusu lita. Kizunguzungu ikianza, kaza mapaja, na sema mara moja.